Kaseti Iliyoingia Maji Kihoto

Nakuru,
3 Juni 2024

Mama Nanyama,

Hunijui, na naomba radhi kukuandikia kabla hatujasalimiana. Naitwa Kiplimo. Kazi inayonilisha ni kusafisha sauti za mahubiri na za video za mazishi. Kazi ninayoipenda ni nyingine. Natafuta kaseti ambazo watu walijirekodia wenyewe wakiwa wamesimama katikati ya umati, bendi za roki za hapa Nakuru zikipiga, zamani hizo, halafu nazirudishia uhai kwenye kompyuta. Hakuna aliyenituma. Mke wangu anasema ni ugonjwa, na siku nyingine nakubaliana naye.

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Naivasha, Muiruri, aliniletea mfuko wa kaseti. Anakaa Kihoto, na unajua ziwa limewafanyia nini watu wa huko. Maji yaliingia mpaka kwenye kabati lake. Kaseti nyingi zimekufa. Moja naona inaweza kuokolewa, na juu yake ameandika kwa kalamu: Mabehewa, Social Hall, Agosti 1996. Muiruri anasema aliyekuwa akiimba na kupiga gitaa ni marehemu mumeo, Okeyo, na kwamba hajui kaseti nyingine popote yenye sauti yake. Yeye ndiye aliyeniulizia jina lako na duka la Kabazi unakochukulia mizigo.

Kabla sijaigusa nataka ruhusa yako. Ukisema niiache, nitaiacha. Ningepiga simu, lakini jambo kama hili kwa simu linamvamia mtu.

Kiplimo


Kabazi,
11 Juni 2024

Kiplimo mwanangu,

Barua yako nimeisomea dukani, nimekaa juu ya gunia la mbolea, mpaka mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni wa zamani.

Ni kweli, Okeyo alikuwa mume wangu. Mchana alikuwa fundi kwenye karakana ya reli kama baba yake, na wikendi alikuwa na hao Mabehewa wake, nywele nyingi na kelele nyingi. Yeye Mjaluo, mimi Mbukusu, kwa hivyo nyumbani tulikuwa watu wa Kiswahili, kupenda na kugombana, yote kwa Kiswahili. Alifariki 2003, Sue wetu akiwa mdogo hata viatu hajui kufunga. Baadaye tukatolewa kwenye nyumba za reli, nikaja huku Kabazi kulima viazi na maharagwe. Magoti yangu ni mashahidi.

Picha ninazo. Sauti sina. Wakati ule nani alikuwa na simu ya kurekodi? Nitakuambia jambo ambalo hata Sue sijamwambia. Miaka ya kwanza nilikuwa namsikia kichwani wazi kabisa, ananiita, analalamika chumvi. Siku hizi nikijaribu, inakuja sauti ya mtangazaji wa redio, au ya shemeji yangu. Naogopa nimemsahau. Nikisahau na sauti yake, nimebaki mjane wa picha.

Kwa hivyo itengeneze. Nyimbo sizitaki sana, hiyo roki yao ilikuwa inaniumiza kichwa hata nikiwa msichana. Nataka nimsikie, nijue kama bado namjua.

Ni mimi,
Mama Sue


Nakuru,
8 Julai 2024

Mama,

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ukiichomeka kwenye redio ndogo yenye tundu lake itacheza. Ikikushinda, mwachie Sue.

Imechukua muda, na sitakuficha, nimechoka. Ukanda ulikuwa umegandana kwa matope na ukungu. Nimeufungua kwa mkono, nikaufuta kwa pamba kipande baada ya kipande, nikauhamishia kwenye kasha jipya. Niliucheza mara moja tu kuuingiza kwenye kompyuta, maana ulikuwa unaacha unga kwenye mashine, na nilijua mara ya pili haipo. Nilikaa pale bila kubandua macho kwenye ukanda mpaka wimbo wa mwisho.

Halafu nikakuta mwendo si wake. Niache nikueleze, kwa sababu hapa nimejivunia kidogo. Stima yetu ina mngurumo wake, ule unaousikia kwenye spika kabla mtu hajafungua mdomo. Mngurumo huo hauna mchezo, uko pale pale mwaka nenda mwaka rudi, na sisi tunaotengeneza kaseti za zamani tunautumia kupimia. Kwenye kaseti ya Muiruri ulisikika chini kuliko unavyotakiwa. Maana yake ni kwamba redio aliyorekodia ilikuwa inakimbia siku ile, na sasa ukiicheza kaseti yake kila kitu kinajiburuta. Magitaa hayangeweza kunisaidia, kwa sababu vijana wa wakati ule walikuwa wanakaza nyuzi kwa kusikilizana tu. Nikaufuata mngurumo. Nikauongeza mwendo mpaka ukafika mahali pake.

Mwisho nikaondoa umati. Watu walikuwa wanapiga mluzi na kupiga gumzo, na jamaa mmoja karibu kabisa alikuwa anakohoa kama ng'ombe. Kuna maneno mumeo alikuwa akisema kati ya wimbo na wimbo, lakini yalikuwa yamezama kwenye hizo kelele, na kelele zilipoondoka zikaenda nayo. Nyimbo zimebaki safi. Gitaa nimeliweka pembeni, sauti yake nimeileta katikati, karibu, kama mtu aliyeketi mezani kwako.

Nasubiri uniambie.

Kiplimo


Kabazi,
15 Julai 2024

Kiplimo,

Flashi nimepata. Nimesikiliza. Ni kazi safi sana na Mungu akubariki kwa mkono wako. Nimekutumia viazi kidogo na gari la mizigo, ni vya juzi, usiviache kwenye mfuko vitaoza.

Usijisumbue zaidi.

Mama Sue


Nakuru,
29 Julai 2024

Mama Nanyama,

Viazi vimefika na vimeliwa. Mke wangu anakusalimia, sasa anasema huo ugonjwa wangu una faida.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Sikuelewa kama ulifurahi. Labda natafuta sifa, kazi hii haina mtu wa kukuambia umefanya vizuri. Siku nzima nasafisha wahubiri wanaofoka, jioni nasafisha marehemu wa watu, na masikio yangu yameanza kulia yenyewe hata chumba kikiwa kimya. Basi nilikuwa nimejiwekea tumaini kwamba hii moja itamfurahisha mtu.

Kuna jambo lingine. Ninataka kuiweka mtandaoni watu wa Nakuru waisikie, ukiruhusu. Ningependa uandike maneno machache ya kutangulia. Si historia. Sema tu sauti yake ilikuwaje kwako ulipoisikia tena.

Kiplimo


Kikopey,
19 Agosti 2024

Sasa Kiplimo,

Mimi ni Sue, msichana wa Okeyo. Nafanya kwa bucha moja hapa barabarani, so kama karatasi inanuka moshi wa nyama usishangae. Nimetoa anwani yako kwa bahasha ya mathe. Yeye hajui nimekuandikia na naomba asijue.

Hiyo barua yako ya mwisho ameiweka kwa mkebe ya majani chai, pamoja na flashi. Hatajibu. Wacha nikuambie kwa nini.

Siku flashi ilifika nilikuwa nyumbani. Tulisikiza pamoja. Alikaa hivi, mikono kwa magoti, vile anakaa kanisani, mpaka nyimbo zikaisha. Halafu akasema, "Huyu kijana anaimba vizuri." Kijana. Nikamuuliza, "Mathe, si ni baba?" Akasema, "Ndio, wamesema ni yeye." Akarudia kuisikiza mara mingine mbili, sikio karibu na spika. Usiku wakati wa kuosha vyombo ndio aliniambia, na hata hakunitazama: "Sue, nimemsahau baba yako. Miaka hii yote najiita bibi yake na akiongea hapa mbele yangu simjui."

Kiplimo, huyu mama si mtu wa kulia. Wanasema hata siku ya mazishi alisimama. Sasa amekuwa mtu wa kunyamaza tu. Anaenda shamba, anarudi, analala mapema. Zamani akinisomea makosa yangu alikuwa anasema, "Baba yako angekuambia hivi na hivi." Hasemi tena. Nimekosa hata hiyo matusi yake.

Mimi siwezi saidia, nilikuwa mtoto, sijui baba alikuwa anasikika aje. Kwa hivyo nakuuliza wewe. Una hakika ni yeye anaimba? Kama ni mtu mwingine, sema, hata kama ni aibu. Kama ni yeye kweli, basi wachana na hii barua. Tutazoea.

Sue


Nakuru,
22 Agosti 2024

Mzee Muiruri,

Natumaini maji yamepungua. Nina swali na ninaomba unijibu hata kama utaona kama nakutilia shaka.

Ile kaseti ya Mabehewa ya 1996. Una hakika anayeimba ni Okeyo nyimbo zote? Hakuna mtu aliyemshikia maikrofoni siku hiyo? Na ile redio yako ya kurekodi, ilikuwa na tatizo gani la mwendo? Betri zilikuwa za zamani? Niambie chochote unachokumbuka kuhusu jioni ile, hata kisicho na maana. Kuna mtu anaumia kwa ajili ya kazi yangu na sijui nimekosea wapi.

Kiplimo


Karagita, Naivasha,
2 Septemba 2024

Fundi wangu,

Maji hayajapungua. Sasa niko hapa Karagita kwa dada yangu, nalala kwenye chumba cha watoto, chini ya picha ya mwanasesere. Kihoto nilienda juzi kwa mtumbwi kuangalia nyumba yangu. Nimeona samaki dirishani, na sikufurahi. Mtu wa umri wangu hastahili kuanza tena kununua sufuria.

Haya, maswali yako. Aliyeimba ni Okeyo. Nyimbo zote. Nilisimama mbele yake karibu nimguse, na huyo unayesema anakohoa ni mimi, nilikuwa na homa lakini singekosa. Na usiiseme vibaya redio yangu. Betri nilikuwa naweka mpya kila nikienda kurekodi, na kichwa chake kinachogusa ukanda nilikuwa nakifuta kwa spiriti kabla sijatoka nyumbani. Watu walinicheka. Redio hiyo haikuwahi kukimbia hata siku moja.

Kama unataka yasiyo na maana, ninayo mengi. Okeyo alikuwa amevaa ovaroli la kazi, alitoka zamu moja kwa moja. Msichana niliyemwalika hakuja. Stima ilipotea hata kabla bendi haijaanza, Nakuru yote giza, tukadhani imeisha. Vijana wa reli wakaenda kuazima jenereta ya jamaa wa kuchomelea vyuma, wakaisukuma kwa mkokoteni mpaka nyuma ya ukumbi. Basi onyesho lote lilipigwa na hiyo jenereta, na ilikuwa inachoka vibaya. Taa zilikuwa nyekundu hivi, za kulala, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila Okeyo akiongeza gitaa zilififia zaidi. Tulicheka sana. Ilikuwa siku nzuri.

Nisalimie huyo anayeumia.

Muiruri


Nakuru,
6 Septemba 2024

Mama Nanyama,

Hukujibu barua yangu ya mwisho na sikulaumu. Ile habari ya kuiweka mtandaoni nimeitupa. Leo nakuandikia kukuambia kwamba nimekosea, na kosa lenyewe ni kubwa.

Nilikueleza kuhusu mngurumo wa stima na jinsi hauna mchezo. Nilikuwa sahihi kuhusu stima. Lakini Muiruri ameniambia kwamba jioni ile stima ilipotea, na bendi ikapigia jenereta ya kuazima. Jenereta si stima ya barabarani. Ikilemewa inapunguza mwendo, na mngurumo wake unashuka. Kwa hivyo ule mngurumo wa chini niliousikia ulikuwa wa kweli, ndivyo ulivyokuwa ukumbini. Redio ya Muiruri haikuwa na kosa. Kaseti ilikuwa sawa ilivyokuwa, hata na matope yake. Mimi ndiye niliyeiharakisha, nikaipandisha sauti ya mumeo, nikampunguzia kifua, nikamtoa mtu mzima nikamfanya kijana mwingine ambaye hakuwahi kuwepo. Halafu nikakuletea huyo kijana nikakuambia ni Okeyo.

Mimi nimekulia nchi hii. Nimesoma kwa mshumaa, nimepoteza kazi za wateja stima ikikatika katikati. Na haikunijia hata mara moja kuuliza kama siku hiyo kulikuwa na stima. Nimeona haya mpaka nimeshindwa kumwambia mke wangu.

Uliposikiliza sijui ulisikia nini, hukuniambia. Nataka tu kusema hivi: kama ulisikia mgeni, ulisikia vizuri. Alikuwa mgeni. Hukumsahau mtu.

Nimekuwekea flashi nyingine. Ile ya kwanza itupe. Hii karibu sikuifanyia lolote. Mwendo ni ule wa kaseti. Umati nimeuacha wote, mluzi, gumzo, kikohozi cha Muiruri, na jenereta yenyewe utaisikia nyuma ikilalamika. Yale maneno ya kati ya nyimbo yamerudi. Kazi yenyewe haisikiki vizuri. Ningempa mwalimu wangu wa sauti angenifukuza.

Kama hutaki kuisikia, nitaelewa. Umeshachoka, na mimi ndiye niliyekuchosha zaidi.

Kiplimo


Kabazi,
23 Septemba 2024

Kiplimo mwanangu,

Flashi yako ilifika wiki mbili zilizopita na sikuigusa. Nitakuambia ukweli. Barua yako niliisoma, nikaona huyu ni kijana mwema ananitafutia njia ya kutoka. Mambo ya jenereta na mngurumo sikuyaelewa yote. Nilijiambia, nikisikiliza tena na nisimjue tena, sitakuwa na jenereta ya kulaumu. Afadhali nisijue. Nikaiweka kwenye mkebe wa majani chai na ile nyingine.

Jumamosi Sue alikuja. Huyo msichana ana mambo yake, na safari hii alikuwa ananizunguka kama paka. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, mgongo unaniuma, mvua imeninyima kuanika, sina hamu na mtu. Yeye yuko sebuleni. Nikasikia redio, kelele za watu, nikadhani ni mpira. Sikujali.

Sasa nikueleze jambo moja la nyumba yetu. Okeyo akitoka zamu alikuwa anakula na kulala hapo hapo kwenye kiti, mdomo wazi, taa inawaka. Mimi nikimaliza kazi naenda kuizima. Na nikiizima tu lazima ashtuke, aulize nani amezima. Kila siku, miaka yote ya ndoa. Ilikuwa inaniudhi. Nani mwingine angeizima, na watu wazima tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba?

Basi niko na maharagwe yangu. Zile kelele za sebuleni zikapungua kidogo, na mwanamume akasema, kwa ile sauti nzito ya kujiburuta, ya mtu aliyechoka na bado anataka utani:

"Nani amezima taa?"

Na mimi nikajibu kutoka jikoni, bila hata kuinua kichwa, "Ni mimi. Lala."

Maharagwe nilichambua mengine kama mawili matatu kabla sijakumbuka kwamba mtu niliyemjibu amekufa.

Sue alikuja akasimama mlangoni. Nilianguka hapo kwenye kigoda nikalia kilio ambacho sikulia 2003, kile nilichokuwa nimekizuia kwa sababu kulikuwa na wageni wa kulisha na mtoto wa kubeba. Sue aliogopa, akataka kuizima redio. Nikamwambia akiizima nitamchapa, na umri wake huo. Tukakaa sakafuni tukasikiliza yote. Bado ni kelele tupu, hiyo roki. Anapaza sauti pale asipoweza kufika, kama alivyokuwa akifanya, na anajua hawezi, na anapaza tu. Sue aliniuliza, "Kwani alikuwa anaongea hivyo?" Nikamwambia, hivyo hivyo, na akiwa na njaa ni mbaya zaidi.

Nimechoka, Kiplimo. Nilikuwa nimemaliza kumzika na sasa nimemzika upya, na mwili wangu si ule wa wakati ule. Asubuhi niliamka macho yamevimba, jirani akaniuliza, nikamwambia nimefiwa. Akasema pole, na nani? Nikamwambia na mume wangu. Aliniangalia sana. Lakini ndivyo ilivyo, nimefiwa wiki hii, na nashukuru.

Uliniomba maneno ya kutangulia. Kama bado unataka kuiweka watu wasikie, iweke hii, na andika tu kwamba nilimjibu. Usiisafishe tena. Na uyapumzishe hayo masikio yako, uje Kabazi na mke wako mle viazi vikiwa bado moto.

Nanyama,
mke wa Okeyo